Tembo la Mnazi Ndani ya Blanketi

Asubuhi ya siku ya posa yangu nilimpigia mchumba wangu simu kumuuliza kama ameshafika kwa mgema. Nilitaka nimsikie akihema, yuko njiani, ana haraka. Badala yake nikamsikia akipiga mwayo. Aliniambia niondoe wasiwasi. Tembo lilikuwa ndani ya nyumba yake Changamwe tangu juzi, mama yake alikuwa amelifunika vizuri, na kufikia leo lingekuwa limeiva sawasawa.

Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uani kwetu Magogoni, nikiosha vikombe. Nikashindwa kusema. Mimi si mtu wa kushindwa kusema. Wenzangu kazini wanalijua hilo na majirani wanalijua zaidi. Lakini nilikishika kikombe kilekile nikakisugua na kukisugua mpaka shangazi yangu akaja akanipokonya.

Kwa yule ambaye hajakaa karibu na minazi, nieleze kwamba tembo la mnazi ni kinywaji kisichosubiri mtu. Mgema hupanda alfajiri na kupanda tena jioni. Huko juu hulichonga shina la maua, lile ambalo lingezaa nazi, akalipunguza kidogo tu kwa kisu kikali, na maji yake yakadondoka ndani ya kibuyu alichokifunga hapo. Hakuna anayelitia hamira wala sukari. Linaanza kujichemkia lenyewe kibuyuni kabla mgema hajakanyaga ardhi. Asubuhi ni tamu, unaweza kumpa ajuza asiye na meno. Mchana linaanza kuuma ulimi. Jioni ndilo linalowafanya wanaume waimbe kwenye mangwe, vile vibanda vya kunywea. Kesho yake limechacha, na kesho kutwa ni siki. Mtu akilitia kwenye achari ya maembe hakosei.

Nasi watu wa Rabai na Kaloleni tuliohamia huku Kisauni, msichana wetu haposwi kwa maneno matupu. Wageni huja na kadzama, yaani tembo la kuombea, na lazima liwe la asubuhi ileile. Wazee wakilionja hujua kama mgeni aliamka mapema akamfuata mgema chini ya mnazi wake, au aliokota la jana mangweni kwa bei ya kutupa. Tembo lililochacha likiwekwa mbele ya wazee ni matusi. Haulizwi mtu sababu. Linarudishwa, na waliolileta wanarudi nalo.

Nasi hatukuwa na nafasi ya kurudia. Mchumba wangu alikuwa karani wa mizigo Changamwe, na kampuni yao ilikuwa inahamishia kazi Naivasha, huko makontena yanakopelekwa kwa reli siku hizi. Mwisho wa mwezi alikuwa anaondoka. Baba yangu alishafariki, kwa hivyo neno lilikuwa la baba mdogo, na baba mdogo hakuipenda safari hiyo hata kidogo. Aliniuliza mara nyingi ni nani atakayenijua huko kwenye baridi, nikiugua nitamwita nani. Hakusema hapana. Alisema tu kwamba siku ikifika ataliangalia tembo.

Sasa hapa ndipo ninapojiona kichekesho, kwa sababu kazi yangu mimi ni mvinyo. Namimina mvinyo kwenye hoteli moja ya ufuoni, Bamburi, na nilisomeshwa kuumimina. Hoteli ilituletea mwalimu, mwanamke kutoka Nairobi, akatukalisha kwenye ukumbi wa kulia wakati wageni wako pwani wanajianika. Mbele ya kila mmoja wetu alipanga bilauri zenye tone la mvinyo, akatuambia tunuse kwanza, tuonje, tuzungushe mdomoni, kisha tuteme kwenye kikombe. Mimi nilichukizwa na kutema. Nilikuwa nikimeza akigeuka.

Alitufundisha kwamba zabibu nyekundu na nyeupe zote ndani zina maji yaleyale meupe, na wekundu wa mvinyo hutoka kwenye maganda. Ukiyaacha maganda yachachie pamoja na maji yake, mvinyo unakuwa mwekundu na unapata ukakasi, ule wa kukunja ulimi. Ukikamua ukayatupa maganda mapema, unapata mweupe. Ule wenye mapovu hufungwa chupani kabla haujamaliza kuchachuka, ndiyo maana kizibo chake huruka. Na ule wa kifahari hulazwa kwenye mapipa ya mti wa mwaloni, gizani, kwenye ubaridi, mwaka hata miaka, mpaka mbao ziuachie harufu zake.

Mwalimu alikuwa akitaja matunda ya Ulaya ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaona. Nilimwambia wazi kwamba siwezi kuonja tunda nisilolijua. Nilitarajia anigombeze. Akacheka, akasema niandike ninachokijua. Basi mvinyo mwekundu wa Afrika Kusini niliuandika kuwa una moshi wa kuni na ukakasi wa bibo, lile tunda la mkorosho. Wa Italia ulikuwa mwepesi, na uchachu wa zambarau ambazo hazijaiva vizuri. Mweupe wa Ufaransa ulikuwa mkavu kabisa, ukanikumbusha harufu ya machimbo ya mawe ya Bamburi mvua ikishapita. Wa Chile ulinukia pilipili hoho. Ule wa Dodoma nikaujua bila kuambiwa, mzito na mtamu kama zabibu kavu; mwalimu akatueleza kwamba kule, kwa kuwa hakuna majira ya theluji ya kuulaza mzabibu, wanavuna mara mbili kwa mwaka. Niliupenda mzabibu huo wa Dodoma. Hata nami silali.

Siku zangu za mapumziko mchumba wangu alikuwa akija tukaenda kukaa ufuoni, nami nikawa namsimulia yote hayo mpaka koo linanikauka. Nilijua mengi na nilitaka ajue kwamba najua. Siku moja akaniuliza, kwa hivyo mvinyo mzuri ni ule uliosubiri? Nikamjibu ndiyo, mvinyo mzuri lazima usubiri. Nilijibu kama mwalimu. Haikunipitikia akilini kwamba Pwani hii kuna mtu mzima asiyejua kuwa tembo ni jambo lingine.

Naye hakuwa na wa kumsahihisha nyumbani, kwa sababu mama yake alikuwa amekuja kutoka bara kwa ajili ya posa, na mama huyo alikuwa bingwa wa muratina. Kwao muratina ndiyo pombe ya wazee na ya mahari. Hutengenezwa kwa asali na maji, ikatiwa tunda la mwegea lililokaushwa, na mtungi ukawekwa karibu na moto ukafunikwa. Kwao mlimani kuna baridi, na pombe ikipigwa na baridi inakufa. Inawekwa joto, haitikiswi, haifunguliwi ovyo, wala watu hawagombani karibu nayo. Inaachwa siku kadhaa itulie. Basi mwanawe alipoleta tembo nyumbani, yule mama alilifanyia kila kitu alichofunzwa na mama yake. Alilikazia kifuniko. Akalivika blanketi lake mwenyewe, Changamwe, ambako hata kuta zinatoka jasho.

Haya yote nilielezwa kwenye simu ile, kwa utulivu, na mtu aliyedhani ananipa habari njema.

"Limwage," nikamwambia. "Limeshakuwa siki, wazee watalirudisha. Pita kwa mgema, uchukue lingine."

"Mama amelala nayo siku hizi zote. Siwezi mwambia aimwage."

"Basi nipe mimi nimwambie."

"Hapana," akasema. "Na wewe pia hutamwambia."

Hakuwahi kunikatalia jambo. Nilikuwa nimezoea kusema nikafuatwa, na nadhani ndiyo sababu mojawapo iliyonifanya nimkubali. Nilikata simu damu ikinichemka. Nikampigia tena, hakushika.

Nilimweleza shangazi. Nikamwambia kwamba tunaweza kumtuma mtu akaleta tembo jipya, tukalibadilisha wageni wakiingia, nani atajua. Shangazi aliniangalia kama mtu aliyepandwa na homa. Akasema tembo la kuombea halitolewi na anayeombwa, na kwamba nikijaribu upuuzi huo atakwenda yeye mwenyewe kumwambia baba mdogo. Kisha akaniambia nikae chini, nisije nikawachosha wageni kabla hawajafika.

Sikukaa. Nilitoka mlangoni mpaka barabarani, nikarudi mpaka jikoni, nikaonja mchuzi ambao nilikuwa nimeshauonja. Mama mwenye nyumba, Mwislamu wa pale pale Magogoni, alikuwa ametuazima viti na mikeka. Vikombe alituambia tutafute kwengine, akacheka, nasi tukacheka naye. Sasa alinipigia kelele kutoka dirishani kwake kwamba hiyo mikeka nitaimaliza kwa miguu. Baba mdogo na wazee wenzake wawili walikuwa wameshafika tangu asubuhi, wamekaa uani kivulini wakizungumza habari za mvua. Kila nikipita baba mdogo alininyanyulia macho, kisha akaendelea na mazungumzo yake.

Wageni wakachelewa. Mchumba wangu alituma ujumbe kwamba kuna foleni tangu Makupa, na gari la kukodi halina kiyoyozi. Tembo ambalo limeshaharibika halina cha kuharibika zaidi, najua, lakini kila jua lilivyopanda ndivyo nilivyolihisi likichemka ndani ya blanketi lile, na mimi nikichemka nalo. Nilikasirika kwa sababu ya mwayo wake asubuhi. Nilikasirika kwa sababu ya upole wake. Na chini ya hasira hizo kulikuwa na kitu ambacho sikutaka kukitazama, nacho kilikuwa nafuu. Niseme ukweli. Tembo bovu lingenipa mlango. Wazee wangelikataa, yeye angeondoka mwisho wa mwezi, watu wangenihurumia, na mimi ningebaki Bamburi na bilauri zangu bila ya kuulizwa na mtu kwa nini. Nilishaposwa mara moja kabla ya hapo, nikatafuta sababu, nikaipata. Safari hii sababu ilikuwa inaletwa kwa gari mpaka nyumbani.

Walipofika, adhuhuri imeshapita, aliyetangulia kushuka alikuwa mshenga wao, mzee wa kwao aliyefanya kazi reli miaka mingi na kuzoea maneno ya Pwani. Nyuma yake mchumba wangu, shati limemganda mgongoni. Kisha mama yake. Alikuwa mwanamke mfupi, amevaa sweta la sufu lililofungwa vifungo vyote, na mikononi amepakata mtungi wa plastiki ndani ya blanketi la rangi ya kahawia. Mwanawe alitaka kumpokea, akamkatalia. Nilisikia baadaye kwamba alikuwa ameupakata hivyo njia nzima, ili gari lisiutikise.

Nilimwamkia shikamoo. Aliniitikia kwa kunigusa shavu kwa shavu lake, kwa kuwa mikono yote miwili haikuwa na nafasi, na shavu hilo lilikuwa limelowa jasho.

Mshenga alisema maneno yake, wazee wetu wakasema yao, na utani wa kawaida ukapita, kwamba wageni wameona jogoo wao hawiki vizuri bila ya kuku wa nyumba hii. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni na mikono nyuma. Mchumba wangu hakunitazama hata mara moja. Alikuwa akimtazama mama yake.

Baba mdogo akaomba tembo. Yule mama alilifungua blanketi taratibu, akalikunja, akaliweka mapajani. Mtungi ulikuwa umevimba ubavu wake. Akasema, kwa Kiswahili chake cha polepole, "Nimeichunga mimi mwenyewe. Kwetu pombe ya mtoto haichungwi na mtu mwingine." Kisha akafungua kifuniko.

Mtungi ulipiga mluzi. Povu likapanda likamlowesha mkono wa sweta, naye akatabasamu, kwani kwa muratina povu ni dalili njema. Halafu harufu ikatufikia. Pua yangu imesomeshwa kwa pesa za hoteli, lakini siku ile haikuhitaji elimu: siki, embe lililooza, na kwa mbali kidogo tu, ule utamu wa mnazi uliokuwapo zamani. Shangazi alijifuta uso kwa leso ingawa hakuwa na jasho. Mmoja wa wazee wetu akakohoa akatazama kwingine. Baba mdogo hakubadilika uso. Alipokea mtungi, akamimina kikombe, akakishika mbele yake, na mapovu madogo yakawa yanapasuka juu.

Wote walikuwa wakingoja arudishe. Nami pia.

Aliniita. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake, kama ilivyo desturi.

"Mwanangu."

"Abee, baba."

"Tembo hili limeletwa na wageni hawa. Tulinywe, tusilinywe?"

Swali hilo huulizwa kila msichana wetu anayeposwa, na kila mtu hujua jibu kabla halijatoka. Mimi sikulijua. Ulimi ulijaa maneno ambayo ndiyo kazi yangu, uchachu, ukakasi, harufu, umri. Kama ningesema lisinywewe, hakuna mtu chini ya jua ambaye angenilaumu. Ningekuwa nimesema kweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikageuza macho nikamwona mchumba wangu. Alikuwa amejua tangu asubuhi kwamba analeta aibu mbele ya wazee, na kwamba inaweza kumgharimu mke, na bado hakuwa tayari kumwambia mama yake akamwage alichokilinda. Nilimpenda wakati ule kuliko siku zote, na hasira zangu zilikuwa bado zipo. Nikaogopa Naivasha. Nikaogopa baridi yake, na watu nisiowajua, na mimi mwenyewe nikiwa huko, nazunguka kutoka mlango hadi dirisha. Na baba mdogo alikuwa akingoja. Hakuwa ameniuliza kama tembo ni zuri.

"Linywewe," nikasema. "Nyweni, baba."

Akaniinamia kidogo, akanong'ona ili wageni wasisikie. "Umelinusa?"

"Nimelinusa."

Alikaa akinitazama kwa muda ambao ulinichosha. Bado alikuwa na haki ya kulimwaga. Neno langu lilikuwa la kufungua tu. Kisha akakiinua kikombe, akanywa mpaka chini bila ya kupumzika, mshipa wa shingo ukimcheza. Akamimina tena, akajaza mdomo, akanirushia kifuani, kama baba anavyombariki bintiye anayekwenda kwa watu. Matone yakaniingia machoni yakaniwasha, nikalia, na kila mtu akadhani ni furaha. Siwezi kusema walikosea.

Kikombe kikapita. Mzee wa kwanza alikunywa akafumba macho. Wa pili, ambaye kwa miaka nimemwona akimrudishia mgema tembo la saa sita kwa kusema limezeeka, alikunywa chake chote akajipangusa ndevu. Mshenga akanywa, akanitazama mimi, akaelewa. Mchumba wangu akanywa. Hakuna aliyetema, na shangazi akapiga kigelegele kirefu kuliko kilivyohitajika.

Mwisho kikafika kwa yule mama. Alikipokea kwa mikono miwili, akanywa funda moja. Nikaona uso wake ukisimama. Alikuwa amepika pombe tangu ujana wake. Hakuhitaji funda la pili. Akakishusha kikombe juu ya blanketi lililokunjwa, akatutazama mmoja mmoja, midomo yetu, ndevu za yule mzee zilizolowa.

"Hii imeharibika," akasema.

Yule mzee akajipangusa ndevu tena.

"Na mmekunywa nyote."

"Mwenyewe ametwambia tunywe, mkwe," baba mdogo akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Yule mama akanigeukia. Nilikuwa bado nimepiga magoti, kanzu yangu imelowa, nanuka siki.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

Kidole chake kikazunguka ukingo wa kikombe. Nilidhani atalia. Kisha akanywa kilichobaki, akakisukuma kikombe mbele ya baba mdogo, akaomba amwongeze.